Picha Iliyotoka Katika Ubao

Sote tunaujua mhuri. Mhuri mmoja hugongwa mara mia, na alama yake ni ile ile. Leo tunaeleza jinsi Wajapani walivyochapa picha kwa njia kama hiyo, na jinsi sisi wa Mbeya na Iringa tunavyoweza kuitumia.

Mwaka 1856 mchoraji Mjapani, Utagawa Hiroshige, alichora mtaa wa mjini wakati wa usiku. Mji huo uliitwa Edo. Siku hizi ni Tokyo. Mtaa ulikuwa na nyumba za michezo ya kuigiza. Katika picha tunaona nyumba pande mbili, watu wanatembea, na juu mwezi mpevu. Watu wana vivuli vyao chini. Ukiitazama tu, unajua ni usiku wa mbalamwezi.

Kumbe picha hiyo ilitoka katika mbao! Mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao, akachonga na kuondoa sehemu zisizo na mstari. Mistari ikabaki imeinuka. Mchapaji akapaka wino, akalaza karatasi, akaisugua kwa mkono. Kila rangi ilikuwa na ubao wake. Na ule mwezi mweupe je? Hapo hapakupakwa kitu. Ni karatasi tupu.

Ubao mmoja ulitoa picha nyingi, basi bei ikawa ndogo. Picha moja ilikaribia bei ya bakuli la tambi. Hata mtu wa kawaida aliweza kununua.

Huku kwetu pia kazi hii si ngeni. Zamani, kabla ya mashine, kanga za pwani zilichapwa kwa vibao vya kuchongwa.

Je, inatusaidia nini kijijini? Tangazo moja hubandikwa ofisini, na wa kitongoji cha mbali hawalioni. Kipindupindu hakingoji wasafiri kufika ofisini. Lakini ubao mmoja wenye maneno CHEMSHA MAJI unaweza kuchapa karatasi za visima vyote.

Anzeni kujifunza kwa kiazi mviringo, maana huku hakikosekani. Kateni nusu, mchonge herufi moja. Kwa wino, changanyeni masizi na uji mwepesi. Msicheke: wino mweusi wa Wajapani nao hutokana na masizi. Mkizoea, chukueni ubao laini wa paini na kisu kikali.

Angalieni jambo moja. Kwenye ubao maneno huchongwa kinyume, yakianzia kulia. Herufi H, M, A na I hazibadiliki. Lakini C, E, S na J lazima zigeuzwe. Mkisahau, karatasi itasomeka kinyume, na kazi yote itakuwa bure.

Basi wanakisomo, tulijifunza kusoma maneno ya wengine. Sasa tuchape ya kwetu, yafike kila kitongoji.