Waya Usioonekana Angani

Sisi tukaao Kasomeno, mahali ambapo njia itokayo Lubumbashi hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Kasenga na mwingine Pweto, twaujua sana moshi wa kiangazi. Pori likichomwa, hata kilima cha jirani hufichama. Basi rubani wa helikopta amchukuaye mgonjwa atauonaje waya mwembamba mbele yake?

Hata mchana mweupe si rahisi. Tarehe 3 Februari 1998, huko Cavalese nchini Italia, ndege ya kijeshi ya Marekani iliyoruka chini mno ilikata kamba ya chuma iliyochukua gari la kuning'inia; watu 20 wakafa.

Ndiyo maana mafundi wametafuta macho mengine. Kamera isomayo joto huona mengi gizani, lakini waya, kwa wembamba wake, mara nyingi humezwa na yaliyo nyuma yake. Mtambo wa leza hutupa miali mifupi ya nuru, hupima muda wa kurudi kwake, kisha huchora picha ya waya. Hewa ikiwa safi, hufanya kazi vizuri sana. Ukungu ukiwa mzito, nuru hurudishwa kabla ya kufika, kama taa za lori zinavyomrudishia dereva weupe machoni.

Rada ya mawimbi ya urefu wa milimita 3 hivi hupenya ukungu na moshi. Hiyo nayo ina kilema: waya ukiwa mshazari huyatupa mawimbi pembeni, kama kioo. Lakini waya wa umeme kwa kawaida ni nyuzi nyingi zilizosokotwa kama kamba, na misokoto hiyo hurudisha mwangwi hata kwa pembe nyingine, nayo rada huutambua kwa alama hiyo. Twastaajabu kwamba popo wadogo walao wadudu hufanya jambo kama hilo kwa sauti zao: Donald Griffin na Robert Galambos walionyesha mwaka 1941 jinsi wanavyokwepa nyaya wakiwa wamefunikwa macho.

Katanga yetu ina nyaya nyingi. Laini ya Inga hadi Kolwezi, iliyomalizika mwaka 1982, peke yake ina urefu wa kilometa 1,700 hivi. Helikopta nyingi hazina mitambo hiyo ya gharama. Kwa hiyo marubani hufundishwa kutafuta nguzo kwanza, na kuvuka juu ya nguzo yenyewe, wala si katikati, ambapo waya hulegea na kupotea machoni.