Wanaotaka Logibuku Bila Gari

Siku hizi mabroka wanazunguka vijijini wakiulizia Land Rover za zamani, hasa zile za Series III zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Watu wa mjini wanazitaka wazifufue, na hilo si baya. Baya ni pale broka anapomwambia mzee, "Gari baki nalo, mimi nipe logibuku na kile kibati cha namba tu."

Karatasi ya gari lililokufa ina faida gani? Bodi ya Land Rover hizo ni ya aluminiamu, imefungwa kwa bolti juu ya fremu ya chuma. Makanika anaweza kuihamisha. Kinacholitambulisha gari ni namba iliyogongwa kwenye fremu, mbele karibu na springi, pamoja na kile kibati. Basi mwizi husaga namba ya gari aliloiba, akagonga ya gari lako, akabandika na kibati chako. Sasa gari la wizi lina karatasi halali, tena kwa jina lako! Na kwa Sheria ya Trafiki ya Kenya, mwenye jina kwenye usajili ndiye huhesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Askari watabisha kwako, sio kwa broka.

Mnunuzi naye huumia. Gari hurudishwa kwa mwenyewe, pesa zimeshakwenda. Akionekana alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14.

Kwa hivyo kikundi kikitaka kununua, anzeni chini ya gari, sio kwenye rangi. Sugueni matope kwa brashi ya waya. Tarakimu ziwe na kina kimoja na mstari mmoja. Rangi mpya mahali pale tu, au alama za kuchomelea, ziulizieni. Fremu kubadilishwa kwa sababu ya kutu si wizi, lakini risiti iwepo. Namba fupi pia isiwatishe, maana zile za tarakimu na herufi 17 zilikuja karibu mwaka 1980. Hizo ndefu hazitumii herufi I, O wala Q, mkiziona, ondokeni. Kisha tafuteni rekodi ya NTSA kupitia eCitizen, mlinganishe namba ya fremu, ya injini na jina la muuzaji. Arbuni isitoke kabla ya hapo, hata akisema kuna mteja mwingine njiani. (Huyo mteja huwa yuko njiani kila siku.)

Tunawafikiria hasa wajane. Logibuku ya marehemu ni sehemu ya urithi, haiuzwi mlangoni. Na kama gari limekufa kabisa, NTSA ina utaratibu wa kufuta usajili wake. Anayehitaji msaada wa kujaza fomu aje ofisini kwetu na kitambulisho na kopi ya logibuku. Ile yenyewe aiache nyumbani.