Je, Wajua? Kuku Waliopandisha Ushuru wa Magari

Je, wajua kwamba faida si fedha mkononi? Muuza vitenge akitoa mzigo kwa mali kauli, mauzo yanaandikwa leo na faida inaonekana daftarini, huku droo haina kitu. Duka linaweza kufungwa na vitabu vyake vikionyesha faida.

Je, wajua friji la duka linaingia kwenye gharama kidogo kidogo? Limenunuliwa kwa shilingi 1,200,000, linatarajiwa kudumu miaka 4 kisha litupwe: kila mwaka vitabu vinabeba uchakavu wa shilingi 300,000, hata kama mwaka huo hakuna aliyelipa kitu.

Utaratibu wa kuandika kila muamala mara mbili, debiti na krediti, ulielezwa katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Mwandishi alikuwa mtawa, Luca Pacioli. Hakuubuni yeye, wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiutumia tangu zamani.

Sasa tuje kwa kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa bei rahisi kutoka Marekani walijaa Ulaya, na Ulaya ikawapandishia ushuru. Marekani ikalipiza mwaka 1964: asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo. Ugomvi wa kuku umesahaulika, ushuru haujafutwa! Magari ya abiria yalitozwa asilimia 2.5 tu, basi Ford ikawa inaleta magari yake kutoka Uturuki yakiwa na viti vya nyuma, kisha viti vinang'olewa yakishafika Marekani. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ilisema hayo ni magari ya mizigo, na mwaka 2024 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 365. Viti ghali kweli hivyo.

Je, wajua kizuizi cha biashara si lazima kiwe ushuru? Mahindi ya Tanzania na Uganda yenye cheti cha uasilia huingia Kenya bila ushuru wa forodha. Hata hivyo, Machi 2021 Kenya iliyazuia kwa hofu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti ya usajili na vyeti vya usalama. Sumukuvu inaua, hilo halina ubishi. Ila lori lililosimama mpakani nalo lina gharama yake.

Je, wajua jinsi meli za makontena zilivyokua? Aprili 1956, huko Marekani, meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Machi 2021 meli moja ya makontena, Ever Given, yenye urefu wa mita 400, iliziba mfereji wa Suez kwa siku 6.

Na wewe unayeagiza gari Japani: bei ya FOB inaishia melini kule kule. CIF inaongeza bima na nauli ya meli hadi bandarini kwako, lakini ushuru, tozo za bandari na malipo ya wakala wa forodha havimo. Tena ushuru wenyewe unakokotolewa juu ya thamani ya CIF. Uliza kabla hujatuma pesa.