Taa ya motere inawaka, valizi inasema hakuna kode: usilipe piesi bila kupima

« Delege, banakula franga yangu. » Ni hivi ndugu mumoja aliniambia mwezi uliopita hapa Kolwezi. Yeye ni shofere wa kamyo kubwa ku mine. Nyumbani iko na Toyota ya zamani ya usukani wa kuume, ile inafanya taxi na kusaidia bibi yake kulisha watoto.

Siku moja taa ya njano ya motere ikawaka ku tablo. Garaji ya kwanza ikatia valizi: hakuna kode. Wakamwambia ni kapta ya oksijeni, akanunua. Taa ikabakia. Garaji ya pili ikatia valizi: hakuna kode. Wakabadilisha buji zote. Taa ikabakia. Posho ya mwezi ikaisha, na minervali ya watoto haikulipwa.

Ndugu zangu, tusikilizane. Kompita ya motere ikiona kasoro, inaandika kode na inawasha taa. Kama taa inawaka na kode haionekani, lazima kuna sababu. « Hakuna kode » si jibu. Ni mwanzo wa kutafuta.

Kwanza, je, valizi ilizungumza kweli na gari? Pale inachomekwa kuna matundu 16. Tundu la 16 linaleta moto wa batri, la 4 na la 5 ni masi. Fizible ikiungua, ao masi ikiwa na kutu, valizi haisomi kitu. Kukosa mawasiliano si sawa na kukosa kode.

Pili, je, valizi inajua lugha ya gari ile? Marekani ilidai mufumo mumoja kwa gari zote ndogo tangu mwaka 1996, Ulaya kwa gari za esanse tangu 2001. Gari zingine za Japani za miaka ile ziko na tundu la kufanana lakini zinasema lugha yao. Na valizi ya bei ndogo mara mingi inasoma tu kode za wote, zile za P0. Kode za kampuni yenyewe, kama zile za P1, zinaweza kuipita.

Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990, valizi si lazima. Chini ya kapo kuna kisanduku kimeandikwa DIAGNOSTIC. Fundi anaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anafungua kontakti, anahesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa sawasawa bila kupumuzika, kweli hakuna kode. Lakini asikosee matundu.

Tatu, je, mutu alitoa batri mbele ya kupima? Mafundi wengi wanafanya hivyo « ili taa izimike ». Kode inafutika, pamoja na habari za kasoro ilivyoanza. Kisha siku chache taa inarudia, na wewe unarudia kulipa.

Kwa ndugu yetu, haikuwa moja ya zile. Fundi kijana mumoja alifunga kontakti, akachomoa fishi ya kompita, akafungua kontakti tena. Taa ikawaka vilevile. Sasa, kompita imechomolewa, nani anawasha taa? Ni waya. Kwa gari za aina ile, kompita inawasha taa kwa kugusisha waya yake na masi. Nyuma ya tablo, pale walitia radio, waya ile ilibanwa na chuma, ngozi ikatoka, ikagusa masi yenyewe. Utepe kidogo, kazi ikaisha. Kapta ilikuwa muzima, buji zilikuwa nzima.

Kwa hiyo, mbele ya kutoa franga ku garaji, uliza: umepima nini, na namba gani ilitoka? Batri iko na volti ngapi? Masi umeziangalia? Piesi ya zamani iko wapi? Mwenye kukasirikia maswali haya, chukua funguo yako.

Lakini kuna taa zingine hazingojei kode. Taa nyekundu ya mafuta ya motere ikiwaka njiani, simama, zima motere. Ya joto nyekundu, vilevile. Ile ya njano ikianza kupepesa wakati unatembea, motere haiunguzi esanse muzuri na inaweza kuharibu katalizere: punguza mwendo, tafuta pa kusimama.

Na hapa ninasema na mashofere wa bisi za wafanyakazi. Wakikuambia « valizi haioni kode, endesha tu », andika ku kaye ya gari: siku, saa, taa gani, sauti gani. Yule anasema endesha, atie sinyatire yake. Wakikataa, leta kwa delege wako. Kode ya kazi ya mwaka 2002 inadai komite ya usalama ku kazi, na bisi ya kupeleka watu ni habari yake pia. Bisi ikianguka pane usiku ku barabara ya Likasi, mule ndani ni baba na mama za watu. Valizi haitapanda nao.