Mwalimu wa Sheria Aliyewakumbuka Wasiovuka Mto

Kila mkaaji wa Luvungi aujua mto Ruzizi. Ng'ambo yake ni Burundi. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipokaribia bonde letu, makumi ya maelfu ya watu waliuvuka, na wengi wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, upande wa Cibitoke. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule vita vilishuka mpaka Uvira, na watu wakakimbia tena. Wengine walivuka, wengine walibaki upande huu. Wote walipoteza nyumba, mashamba na mifugo, lakini mbele ya sheria hawakuwa sawa.

Aliyevuka mpaka aitwa mkimbizi. Mkataba wa Geneva wa 1951 wakataza kumrudisha mahali ambapo uhai wake umo hatarini. Mkataba wa Afrika, uliofanywa Addis Abeba mwaka 1969, wampokea hata yule anayekimbia vita tu. Je, yule asiyevuka, ambaye sisi twamwita mhami? Yeye yu bado katika nchi yake, na kwa miaka mingi hapakuwa na mkataba wa kumlinda yeye hasa.

Hapo ndipo tunapokuta kazi ya Profesa Chaloka Beyani. Yeye ni Mzambia, mwenye udaktari wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyefundisha sheria London. Mwaka 2013 alitoa kitabu juu ya haki ya kuomba na kupata hifadhi katika Afrika. Lakini hakuwasahau wahami. Alisaidia kuandika sheria za Mapatano ya Maziwa Makuu, yaliyotiwa sahihi Nairobi Desemba 2006, Kongo na Burundi zikiwemo. Moja yahusu wahami. Nyingine yahusu mali ya wanaorudi kwao. Kisha alishiriki kuandika Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, ulioanza kutumika tarehe 6 Desemba 2012. Tangu 2010 mpaka 2016 Umoja wa Mataifa ulimtuma kuchungulia hali ya wahami duniani.

Mkataba wa Kampala wasema nini? Aliyepoteza vyeti apewe vingine. Watoto wasiingizwe vitani. Mhami asilazimishwe kurudi penye hatari.

Wako watakaosema: karatasi haizuii risasi. Ni kweli. Lakini mjane anayedai shamba la marehemu mumewe asimame na nini mbele ya wakubwa? Pasipo sheria ataomba huruma; penye sheria adai haki yake.

Sisi Wakristu twaifahamu tofauti hii. Familia Takatifu ilipomkimbia Herode ilivuka mpaka hata Misri, na mwaka 1952 Baba Mtakatifu Pius XII aliiweka kuwa mfano wa wakimbizi wote. Lakini kabla ya hapo, huko Betlehemu, Maria na Yosefu walikosa nafasi katika nchi yao wenyewe.

Basi, ninyi wanafunzi, msidharau masomo ya sheria. Nanyi wazazi, mkimpokea mhami, mpeni chakula, kisha mwulizeni habari za vyeti vya watoto na mipaka ya shamba lake. Yaandikeni mapema, kabla kumbukumbu hazijafifia.