Meza za soko na mabenchi: tupake nini kabla ya mvua?

Mwezi wa tisa njo huu, vumbi nyekundu imejaa kila mahali, na koperative zinazoleta mboga Lubumbashi ziko na swali moja: meza na mabenchi vinavyolala inje tuvipake nini? Tulizunguka kwa mafundi wa mbao wa Bel-Air, katika komini ya Kampemba, tukaangalia kazi mpya na zile zilizokwisha kupita mvua.

Kwanza tujue adui. Kwetu mvua inaanguka karibu yote kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu, kisha miezi inapita bila hata tone. Mbao inavimba, halafu inakauka na kujikunja, kila mwaka hivyo hivyo. Tena mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na jua la huku halina huruma. Kitu chochote unachopaka, kama hakiwezi kwenda pamoja na mbao, kitapasuka.

Njo maana verni, ile inayong'aa na wanunuzi wanaipenda, inaleta shida nyingi zaidi inje. Verni inalala juu ya mbao kama ngozi. Ndani ya salon ni nzuri kabisa. Inje, jua linaivunja kidogo kidogo, maji yanaingia katika ufa mdogo na kukosa njia ya kutoka, mbao inaoza huku juu kungali kunang'aa. Kuitengeneza ni lazima ukwangue yote mpaka mbao tupu. Kuna verni za inje, ni afadhali, lakini zinataka kurudiliwa kabla hazijapasuka, na nani kwenye komite atakumbuka?

Mafuta ya lin yanafanya kazi kwa namna ingine: yanaingia ndani ya mbao na kugandia humo. Hayatoki vipande vipande. Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, unasafisha, unapaka tena, basi. Mbao itageuka rangi ya majivu kwa sababu ya jua, lakini hiyo si ugonjwa. Usiyabadilishe na mawese wala mafuta ya karanga kwa sababu ni ya bei rahisi: hayo hayakauki hata siku moja, yanabaki ya kunata na kushika vumbi. Ukiwa na wasiwasi na bidoni ya dukani, paka tone jembamba juu ya kioo. Mafuta ya lin ya kweli yatafanya ngozi ngumu kisha siku kadhaa. Yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia yatabaki majimaji.

Kuna ya lin mabichi na kuna yaliyopikwa. Yaliyopikwa yanakauka mbio, karibu siku moja, kwa sababu mara nyingi yametiwa chumvi za metali, hata kobalti, ile ile inayochimbwa huku kwetu! Kwa mabenchi yanafaa. Kwa meza ambayo bamama wanaweka lengalenga na tomati, tunapendelea mabichi, hata kama yanataka wiki nzima au zaidi. Tuanze mapema, hiyo tu.

Sasa vidanje. Wengi wanapaka mafuta machafu ya motere kwa sababu ni ya bure na mchwa unayakimbia kwa muda. Kwa meza ya chakula, hapana. Yamebeba metali na sumu za motere, hayakauki, mvua inayashusha kwenye udongo na jua linayarudisha juu ya mbao, pale pale mboga inapokaa. Mnunuzi akisikia harufu ya motere kwenye sombe hatarudi, na soko la koperative nzima linaharibika kwa ajili ya bidoni moja.

Mbao nayo ina neno lake. Mulombwa, ile sehemu nyekundu ya ndani, inavumilia yenyewe, mafuta yanatosha. Sehemu nyeupe ya pembeni wadudu wanaila, muikatae wakati wa kununua. Kwa mbao nyeupe za bei ndogo tunachagua rangi ya mafuta isiyo na plombo, maana rangi inazuia jua, jambo ambalo mafuta matupu hayawezi.

Kazi yenyewe: mbao iwe kavu, isuguliwe kwa msasa, ipanguswe vumbi. Fanyeni kivulini, asubuhi, siku isiyo na upepo. Pakeni kidogo, ngojeni dakika 15 au 20, panguseni yote yaliyobaki juu, rudieni mara mbili ao tatu, kila mara kisha kukauka. Fundi mmoja alituambia: "Mbao iko inakunywa kupitia miguu." Ni kweli, maji yanapanda zaidi kwenye ncha zilizokatwa. Simamisheni miguu ndani ya kopo la mafuta usiku mzima, kisha meza ikae juu ya matofali, kwa sababu mafuta peke yake hayazuii mchwa.

Na vitambaa! Kitambaa chenye mafuta ya lin kikikunjwa kinapata moto chenyewe na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandazeni inje mpaka vikauke, ao vitieni ndani ya ndoo ya maji. Depo moja iliyojaa mahindi inatosha kuungua kwa ajili ya kitambaa kimoja.

Mafuta yaliyobaki yawekwe katika chupa ndogo iliyojaa mpaka juu, kwa sababu hewa inayagandisha.