Nyumba za Likizo za Zamu (5): Nani Apite Wapi Kwenda Chooni

Desemba 2024 klabu ya likizo ya Disney ilifungua mnara mpya kando ya hoteli yake ya Polynesian huko Florida, na miongoni mwa vyumba vya mnara huo zimo studio za watu 2 tu. Mtindo wenyewe si mgeni. Hoteli ya Riviera ya klabu hiyohiyo, iliyofunguliwa mwaka 2019, ilikuwa nao tayari: chumba cha mita 24 hivi za mraba ambacho mchana kina kochi, na usiku kitanda hushushwa kutoka ukutani kikalifunika kochi lilelile. Kikishashuka, anayetaka kupita hana budi apite kwa ubavu.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua pointi ni nini, ada ya mwaka hulipwa vipi na kwa nini mkataba una tarehe ya kufa. Sitarudia, ila kwa mgeni: nyumba ya zamu ni ya watu wengi wanaopokezana kukaa, na pointi ndizo mwanachama hulipia siku zake. Leo nataka tuingie chumbani, kwa sababu habari ya studio hizi imenikumbusha barua ya msomaji wetu mmoja, Mswahili anayeishi Ohio. Amenunua pointi, na anataka kuipeleka familia Kidani, lile jengo la klabu hiyohiyo linalotazama mbuga ya kutengenezwa yenye twiga na pundamilia halisi. Wataenda yeye, mkewe, watoto wawili na mama mkwe. Anauliza achukue studio mbili, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, au ya vyumba viwili. Nitamjibu, ila anivumilie nipitie Lamu kwanza.

Mauzo ya nyumba hizi huanza na ukubwa. Old Key West, jengo la kwanza la klabu hiyo, lilifunguliwa mwaka 1991, na mpaka leo wanachama wa zamani hulitaja kwa fahari kwa sababu ya nafasi yake: studio ya futi za mraba 376, nyumba ya chumba kimoja 942, ya vyumba viwili 1,333, na ile kubwa ya vyumba vitatu 2,202. Kidani, lililokuja mwaka 2009, limebana: studio 366, chumba kimoja 807, vyumba viwili 1,173. Muuzaji akikuwekea tarakimu hizo mbele, akili inakimbilia kugawa pointi kwa futi, kama mtu anayenunua shamba. Nami nasema tarakimu hizo hazimwambii mwenye familia jambo analolihitaji kuliko yote: usiku wa manane mtu akibanwa na haja, atapita mbele ya kitanda cha nani?

Si mimi niliyelibuni swali hili. Kampuni ya RCI, iliyoanzishwa Indianapolis mwaka 1974 na mume na mke, Jon na Christel DeHaan, ili wenye nyumba za zamu wabadilishane wiki zao, ilikuta kila hoteli inajisifia idadi ya watu inayoweza kuwalaza. Ikaamua kuandika namba mbili. Ukiona 6/4 kwenye orodha yao, ya kwanza ni watu wote wanaoweza kulala humo kwa kubanana, na ya pili ni watu wanaolala kwa faragha, yaani wanaofika chooni bila kukatiza mahali anapolala mtu mwingine. Nyumba mbili zenye futi sawasawa zaweza kuwa moja 6/6 na nyingine 6/4, na tofauti ikawa mlango mmoja tu. Kwa maoni yangu mstari huo mdogo una busara kuliko vitabu vyote vya picha vya wauzaji, na nasikitika kwamba wanunuzi wengi huuruka.

Wazee wetu wa pwani wangeuelewa papo hapo. Ingia katika nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18, mathalani ile iliyofanywa makumbusho ya nyumba ya Kiswahili, uone. Unatoka mtaani unapanda kwenye daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande zote mbili, na hapo ndipo mgeni wa maneno mawili matatu humalizia shughuli yake. Ukikaribishwa, unaingia tekani, kijinjia kilichopindwa kusudi ili mlango ukiwa wazi anayepita nje asione kitu. Kisha kiwanda, yaani ua usio na paa. Kutoka uani ndipo unakuta msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, halafu msana wa yuu, ule wa juu, halafu chumba kiitwacho ndani, na nyuma yake nyumba ya kati, ambamo mke alijifungulia na maiti alioshewa. Sakafu hupanda kidogo kila unapovuka kutoka chumba hadi chumba, hata mguu wenyewe unakuambia kwamba umezidi kusogea kwenye siri za watu.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba ajabu. Upana wake ni mita 2.5 hadi 3, na sababu yake haina fumbo: dari hubebwa na boriti za mikandaa, na boriti ya mkandaa haibebi dari nzito ya mawe na chokaa kwa masafa zaidi ya hayo. Fundi wa Lamu hakuwa na uhuru wa kuongeza upana. Alichokuwa nacho ni uhuru wa kupanga kipi kitangulie na kipi kifuate, mlango ukae wapi, na jicho likomee wapi. Ukienda magofu ya Gede, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kufukua mwaka 1948, au Songo Mnara kusini ya Kilwa, ambako nyumba ni za zamani zaidi ya hizo za Lamu kwa karne kadhaa, utakuta vyumba vyembamba vilevile, vimepangana vilevile, kimoja nyuma ya kingine, na choo pembeni. Gede kuna hata ghala zisizokuwa na mlango, unaingia kwa tundu lililo juu ukutani. Watu waliobanwa na urefu wa mti walijifunza kupanga.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Misana hiyo ililaliwa pia: kwenye ncha zake kuliwekwa vitanda na kutundikwa pazia, na wapitaji walipita katikati. Lakini waliopita walikuwa wa nyumbani, na pazia lilikuwa pazia. Tena Usam Ghaidan, msanifu aliyeuandikia mji wa Lamu kitabu kizima mwaka 1975, alipochora ramani za nyumba hizo alionyesha jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria: sabule. Sabule hii siyo sebule ya leo ya televisheni na makochi. Ni chumba cha mgeni, cha mfanyabiashara aliyeletwa na msimu wa kaskazi na kukaa miezi akingoja kusi. Njia yake inaanzia pale pale dakani, kabla ya ua, na mara nyingi kina choo chake. Mgeni anakula chakula cha nyumba hiyo, analala chini ya paa la nyumba hiyo, anaingia na kutoka saa apendazo, na miezi yote hiyo hajamwona binti wa mwenyeji. Binti naye, akitaka kumtembelea jirani, anavuka juu kwa juu kupitia wikio, daraja linalounganisha nyumba mbili juu ya uchochoro.

Sasa rudi Florida. Nyumba ya vyumba viwili katika majengo mengi ya zamu hupangwa hivi: upande mmoja kuna sebule, jiko kamili na chumba kikuu cha kulala, upande wa pili kuna studio yenye kitanda, kochi la kukunjua, jiko dogo la maikrowevu na friji, choo chake, na mlango wake wa kutokea koridoni. Katikati kuna mlango wa kuunganisha. Ukiufungua, una nyumba moja. Ukiufunga kwa ufunguo, zimekuwa mbili. Marriott, iliyoingia katika biashara hii mwaka 1984 kwa kununua majengo ya Hilton Head, South Carolina, iliupenda sana mpango huo, kwa kuwa mwenye wiki moja anaweza kukaa upande mmoja na kuutoa upande wa pili ubadilishwe kwa wiki nyingine, mahali pengine. Wenyewe huutangaza kama hesabu ya fedha. Mimi nikiuona naona sabule, na siku zote najiuliza kwa nini msanifu wa Marekani aliyesaka faida amefika mlango uleule aliofika fundi wa Lamu aliyesaka stara.

Kinachonikera ni kwamba watu wa Disney walipita Lamu wenyewe. Bustani yao ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998, ina kijiji kinachoitwa Harambe kilichoigwa kutoka pwani yetu, Lamu hasa. Kundi la mbunifu wake mkuu, Joe Rohde, lilisoma kuta zetu kwa makini ya kupigiwa mfano: chokaa inayobanduka, rangi iliyopauka kwa chumvi, hata maandishi ya mkono yaliyofifia ukutani. Hoteli iliyo jirani, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina bwawa la kuogelea liitwalo Uzima na mkahawa uitwao Jiko. (Kwa bwawa, sultani al-Hasan bin Sulaiman aliwatangulia: Husuni Kubwa ya Kilwa, ya mwanzo wa karne ya 14, ina bwawa la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari, na vyumba zaidi ya 100.) Tumeigwa kuta, majina na harufu ya vyakula. Mpangilio wa vyumba, ambao ndio utaalamu wenyewe, umeachwa Lamu, na Lamu nako vijana wetu wanaojenga nyumba za kukodisha wageni wanauvunja ili wapate ukumbi mpana wenye kochi moja kubwa linalotazama mlango wa barabarani. Mji umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, lakini orodha hiyo haimzuii mtu kuona haya ya sebule yake ndogo.

Hata hivyo haki itendeke. Kidani haina daka wala tekani, lakini yeyote aliyechora nyumba zake za chumba kimoja alifikiri. Katika majengo kadhaa ya mwanzo ya klabu hiyo, nyumba ya chumba kimoja ina bafu moja, na aliyelala kwenye kochi la sebuleni hulazimika kupita chumba cha mwenye nyumba. Kidani waliongeza bafu la pili upande wa sebuleni. Nyumba ya chumba kimoja ina mabafu 2, ya vyumba viwili ina 3. Kwa hiyo futi 807 za Kidani, ambazo kwenye karatasi ni duni kuliko 942 za Old Key West, zinawalaza watu 5 kwa heshima.

Sasa ndugu yangu wa Ohio. Studio mbili usizichukue. Klabu itapokea ombi lako kwamba ziwe jirani, lakini haikuahidi, na ukifika unaweza kumkuta mama mkwe ghorofa ya tatu nanyi mko ya tano. Jiko kamili pia hamna, na sidhani kama mmepanga kumlisha mama chakula cha maikrowevu juma zima.

Nyumba ya chumba kimoja hula pointi karibu maradufu ya studio. Itawatosha kwa idadi, na bafu la pili linaondoa aibu ya usiku. Lakini mama atakuwa kwenye kochi la sebuleni pamoja na watoto. Mkwe wa kiume akirudi saa tano usiku na viatu mkononi, anamkuta mama wa mkewe amelala njiani, kanga imemtoka. Wengine husema siku hizi hayo hayana maana. Kwangu yana maana, na nadhani kwako pia, vinginevyo usingeniandikia mimi.

Basi chukua vyumba viwili, na ukifika hapo kuna uchaguzi ambao watu huubofya bila kusoma. Kidani ina nyumba za vyumba viwili za aina mbili. Moja, chumba cha pili ni chumba cha kulala tu, kina vitanda viwili na hakina mlango wa nje. Hiyo ni nzuri kwa watoto wanaogombana wakilazwa kitanda kimoja. Nyingine ndiyo yenye studio niliyoieleza hapo juu, kitanda kimoja na kochi la kukunjua. Kwenye uhifadhi zimeandikwa kama aina tofauti. Chukua hiyo ya pili. Mpe mama studio, aswali na alale kwa saa zake, achemshe chai yake bila kuingia jikoni kwenu, na aamue mwenyewe mlango wa kati ufungwe au uachwe wazi. Watoto walale sebuleni, bafu la pili li hapo hapo.

Kama pointi hazifiki, punguza mandhari kabla ya kupunguza chumba. Nyumba zinazotazama mbuga hula pointi nyingi kuliko zinazotazama upande mwingine, na pundamilia hao mtawaona bure mkishuka chini. Na kama Kidani ndiyo hoteli yako ya nyumbani, shika miezi 11 kabla ya safari. Ikifika miezi 7 wenye pointi za hoteli nyingine nao wanaruhusiwa kuingia.

Wiki ijayo: nani hulipa kochi likichakaa.